Dalali Aliyekataa Kusemewa

Walimwita Redio tangu darasa la tatu, na si kwa sababu alikuwa msemaji. Maneno yake yalikuwa yanakwama kooni, yanakoroma, yanakatika, halafu yanatoka yote kwa mpigo, kama redio ambayo haijashika mawimbi vizuri. Mtoto wa jirani ndiye aliyembandika jina hilo kwa nia ya kumkomoa, nalo likashika. Alipomaliza shule, hata walimu waliokuwa wakimwonea huruma walimwita hivyo hivyo, na yeye alikuwa ameshachoka kununa.

Kigugumizi chake kilikuwa na sheria zake. S ilimtoka bila taabu. M na N nazo hazikuwa na ugomvi naye. Lakini akikutana na K au P, ilikuwa kama mtu aliyefungiwa mlango usoni: shingo imekaza, macho yametazama dari, na aliye mbele yake ameanza kukagua viatu vyake mwenyewe. Kwa hiyo alijifunza kukwepa. Akitumwa kiberiti dukani, mwenye duka akamkodolea macho, alisema "sabuni," akalipa, akaondoka zake. Nyumbani kwao sabuni haikuwahi kuisha hata siku moja. Moto ndio uliokuwa wa kuazima.

Aliyemtoa kwenye aibu hizo alikuwa dada yake mkubwa, aliyemzidi miaka sita. Dada alikuwa na ulimi mwepesi na moyo mpana. "Anaumwa tumbo tangu jana," alimwambia daktari. "Anataka ile ya bluu," alimwambia mwenye duka la nguo. Akawa mdomo wa mdogo wake. Hata Redio alipofika miaka ishirini na sita, mtu akimuuliza swali, macho ya muulizaji yalihamia kwa dada kusubiri jibu. Redio alimpenda dada yake kuliko mtu yeyote duniani, na kuna siku alitamani amfungie chumbani atupe ufunguo.

Kazi aliyoipata ilikuwa ya kukaa nyuma. Kampuni ya udalali wa nyumba, ghorofa ya kwanza juu ya duka la dawa, ilihitaji mtu wa kutunza mafaili na funguo. Mkurugenzi, mzee mpole aliyependa kukunja mikono ya shati mara mbili sawasawa, alimtazama binti huyo akihangaika kutamka jina lake kisha akasema, "Huku nyuma utakuwa na amani, mwanangu." Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Ukutani kulikuwa na ubao wenye misumari, na kila msumari umebeba ufunguo wenye kibandiko cha namba.

Huko mbele kulikuwa na madalali watano, na nyota yao alikuwa kijana mmoja waliyemwita Kinanda, kwa jinsi maneno yalivyokuwa yakimtoka kwa sauti tamu na bila kupumua. Kinanda angeweza kukuuzia nyumba isiyo na paa ukaondoka ukijisifu kwamba umepata hewa safi. Alikuwa na msemo mmoja kwa kila chumba. Chumba kidogo kilikuwa "kimejikusanya." Chumba chenye giza kilikuwa "kimetulia."

Kazi ya Redio ilimtoa nje mara mbili kwa wiki. Mpangaji akihama, yeye ndiye aliyekwenda kusoma mita, kujaribu vitasa na kuhesabu funguo. Akiwa peke yake ndani ya nyumba tupu hakuna aliyemngojea aseme, naye akazijua nyumba zile kuliko waliokuwa wakiziuza. Alifungua mabomba yote akasikiliza. Alipiga hodi kwenye vigae kwa kifundo cha kidole kujua vile vilivyo na uwazi chini. Alinusa makabati. Aliketi sakafuni mchana kutwa siku za jua kuona chumba gani kinageuka tanuri. Yote aliyaandika kwa mwandiko mdogo ulionyooka, ndani ya mafaili ambayo hakuna aliyewahi kuyafungua.

Asubuhi moja madalali wote walikuwa wametoka. Akapanda ngazi mwanamke mnene, muuguzi mstaafu, akihema.

"Nimekuja kuona ile nyumba ya geti jeusi," alisema. "Na kama hakuna mtu wa kunipeleka, nitakaa hapa hapa. Magoti haya hayapandi ngazi hizi mara mbili."

Redio alitazama huku na huku. Hakukuwa na mtu. Akachukua ufunguo.

Alipofungua mlango alijua neno linalotakiwa. Dalali yeyote husema "karibu." Lakini karibu inaanza na K, kwa hiyo akasogea pembeni na kuonesha kwa mkono. Akafungua madirisha yote. Akafungua mabomba, akavuta maji ya choo, akasimama.

Muuguzi alizunguka nyumba nzima, kisha akamgeukia. "Mbona husifii chochote? Umegombana na mtu?"

"Nina… k… k…" Neno lilikataa. Redio akaweka mkono kooni.

"Kumbe," muuguzi akasema, akavuta ndoo iliyoachwa na wapaka rangi, akaigeuza na kuikalia. "Chukua muda wako. Mimi nimestaafu, sikimbilii zamu."

Hakuna mtu aliyewahi kumkalia ndoo akimsubiri. Redio alivuta pumzi na kusema yote. Choo cha nyuma kinavuja chini ya sakafu. Ukuta wa chumba cha tatu una unyevu. Wamepaka rangi juu yake mwezi uliopita ili usionekane. Jirani ana mashine ya kusaga inayoanza saa kumi na moja alfajiri. Ilimchukua muda mrefu, na jasho lilimtiririka mgongoni, lakini hakukwepa neno hata moja.

"Na wewe ungekuwa mimi," muuguzi akauliza, "una mume aliyepooza miguu, ungenunua ipi?"

Redio akampeleka mtaa wa pili, kwenye nyumba iliyokuwa imekaa ubaoni mwaka mzima. Nje ilikuwa mbaya, rangi imebabuka kama ngozi ya mtu mwenye upele. Ndani ilikuwa kavu, haina hata kizingiti kimoja, na mlango wa bafu ulikuwa mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Muuguzi aliinunua kabla wiki haijaisha, akamtafuta Mkurugenzi mwenyewe na kumwambia kwamba yule binti wa funguo ndiye dalali pekee aliye naye.

Mkurugenzi hakufurahi kama ungedhani. Ile nyumba ya geti jeusi ilikuwa ya rafiki yake. Hata hivyo alimwita Redio ofisini, akamwambia aketi.

"Umefanya vizuri. Kuanzia sasa utakuwa unatoka na Kinanda. Wewe utamwonesha mteja nyumba, yeye atazungumza."

Kinanda alikuwa ameegemea mlango. Alitabasamu kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomchoma Redio zaidi.

"Nataka kuwa dalali," alisema. "Mwenyewe."

"Mwanangu, nakupenda kama binti yangu, ndiyo maana nakwambia ukweli. Hii kazi ni ya mdomo."

"Mdomo ninao."

Akatoa mfukoni funguo alizokuwa ametoka nazo asubuhi ile, akazipanga mezani moja moja kwa namba zake, akaenda kuchukua mkoba wake. Alishuka ngazi. Miaka minne alikuwa amekaa chumba kisicho na dirisha, na hakuaga.

Dada, ambaye Redio alikuwa anaishi nyumbani kwake, aliposikia alishika kichwa. "Umeacha kazi? Kazi ya kukaa? Sasa utafanya nini?"

"Nachukua leseni."

"Leseni ina usaili, mdogo wangu. Wa kuzungumza. Wanakaa watatu wanakuuliza maswali." Kisha, kwa wema ule ule wa siku zote, akasema, "Sawa. Nitaomba ruhusa shuleni ninakofundisha, twende wote. Wewe ukinong'ona, mimi nitawaambia."

"Hapana, dada."

"Kwa nini unataka kujiumiza?"

Siku ya usaili Redio alitoka kabla dada hajaamka.

Wajumbe wa bodi walikuwa watatu: mwenyekiti mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, mwanasheria mwanamke, na bwana mmoja aliyekuwa anakunywa chai. Swali la kwanza lilihusu mambo ambayo dalali anapaswa kufanya kabla ya kumpeleka mteja kwenye nyumba. Redio alilijua jibu kama jina la mama yake. Akafungua mdomo, akakwama palepale.

"Kuhakikisha?" mwenyekiti akamsaidia. "Kuandika? Kukagua? Kuomba?" Alikuwa anamtupia maneno kama mchuuzi anayemtafutia mteja saizi ya kiatu. Bwana wa chai akatazama saa. Dakika kumi na tano zikaisha jibu la swali la pili likiwa nusu.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Hana uwezo wa kutosha wa mawasiliano.

Dada alilia kwa niaba yake. Redio alichukua karatasi akaandika barua ya mstari mmoja: naomba mnieleze ni swali lipi nililolijibu vibaya. Hakuna aliyemjibu. Akaandika ya pili, ya tatu. Kisha akaanza kwenda mwenyewe. Kila Jumatatu aliketi kwenye benchi la korido ya ofisi ile, mbele ya mlango wa mwenyekiti, na nakala ya barua yake mapajani. Mhudumu wa mapokezi alianza kwa kumfukuza, akaendelea kwa kumpuuza, na mwisho akawa anamwekea kikombe cha chai. Mwezi wa nne wa kuketi pale yule mwanasheria alitoka mlangoni, akaichukua barua, akaisoma amesimama.

"Swali lipi ulilolijibu vibaya," alirudia taratibu. "Hilo ni swali zuri."

Wakampangia usaili wa pili. Safari hii Redio hakungoja kuulizwa.

"Nina ombi moja," alisema akiwa bado amesimama. "Msinimalizie maneno yangu. Nitayamaliza mwenyewe."

Mwenyekiti alivaa miwani, akaivua. Usaili ulichukua dakika hamsini. Mara mbili mwenyekiti alifungua mdomo kumsaidia, na mara mbili mwanasheria alimgusa mkono. Redio alitoka mle shati limelowa kama aliyenyeshewa. Leseni aliipata.

Mwaka wa kwanza alikiona cha moto. Simu ndiyo iliyokuwa adui mkubwa kuliko wote. Mtu asiyekuona akisikia kimya anadhani laini imekatika, anakata. Redio akabuni sentensi yake, akaifanyia mazoezi mbele ya kioo: "Nina kigugumizi. Ukisubiri, nitamaliza." Wengine walikata hapo hapo. Mmoja alicheka mpaka akakohoa, kisha akaomba radhi, kisha akakata. Redio alivuta mstari juu ya namba yake, akapiga inayofuata. Kukwepa pia aliacha. Kila alipofungua mlango wa nyumba alisema "karibu," hata kama mteja alilazimika kusimama kizingitini akiingoja itoke.

Na kwa sababu hakuweza kupamba, hakupamba. Kila nyumba aliyoichukua aliiandikia karatasi moja, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, aliandika neno UBAYA. Chini yake alipanga kila kasoro: tangi linalovuja, swichi iliyoungua, mbwa wa jirani. Uzuri hakuuandika. Alisema mwenye macho atauona.

Wenye nyumba walikuja juu. Bwana mmoja mwenye maghorofa mawili aliingia kwenye kibanda chake cha ofisi akiitikisa ile karatasi.

"Hebu niambie, wewe unauza nyumba yangu au unaisengenya?"

"Tengeneza bomba," Redio akamjibu, "nitalifuta."

"Kuna madalali mia mji huu!"

"Nenda."

Alikwenda. Baada ya wiki tatu alirudi na fundi bomba nyuma yake, uso ameukunja. Nyumba ikapata mtu siku ya nne. Habari zikaanza kutembea zenyewe. Kinanda alikuwa anawaambia watu, "Nendeni kwa Redio kama mna siku nzima ya kupoteza," nao walikwenda kweli, maana waliokwishauziwa chumba "kilichotulia" walikuwa tayari kupoteza siku. Mwaka wa tatu alihama kibandani. Mwaka wa tano aliajiri watu wawili, na juu ya mlango akaandika kwa rangi nyekundu: REDIO, DALALI WA NYUMBA. Mama yao alimuuliza kwa nini ajitangaze kwa jina la kejeli. Akasema kwamba jina hilo kila mtu analijua, na rangi ameshailipia.

Basi siku moja alikuwa anapita mtaa wa dada yake akaona kibao kimening'inizwa getini. INAUZWA. Chini yake, namba ya simu ya Kinanda.

Redio alisimama pale mpaka mtu wa baiskeli akampigia kengele apishe njia. Watoto wa dada walikuwa wamekua wakaondoka, shemeji alikuwa amefariki, na kwamba nyumba imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja, hilo alilijua. Hakujua kwamba inauzwa. Akaingia.

Dada alikuwa jikoni. Alipomwona tu alianza kujieleza. "Nilitaka kukwambia. Sikutaka kukutesa, mdogo wangu. Nyumba kubwa, watu watakuja wengi, maswali mengi. Nikasema huyu kijana anaongea vizuri…"

Redio alimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa yeye hakuwa na tabia ya kukata maneno ya watu. Kisha akageuka akatoka, na geti alilibamiza hadi kibao kikayumba.

Kinanda alileta watu. Aliwaimbia. Walikuja wakiwa na furaha, halafu mmoja anarudi na fundi wake, fundi anaona ufa nyuma ya kabati la sebuleni, na simu zinaacha kupokelewa. Miezi minane ikapita hivyo. Mwezi wa tisa dada aliingia ofisini kwa Redio, akakaa kwenye kiti cha wateja, mkoba mapajani.

"Nimekuja kama mteja," alisema.

"Mteja hujaza fomu."

Dada alimtazama akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Akajaza fomu.

Kesho yake Redio alikwenda na ngazi na tochi. Alikaa humo kwa muda wa saa tano. Karatasi alipoileta, dada aliisoma huku midomo ikizidi kubana: ufa wa sebuleni, bati linalovuja juu ya korido, na mwisho, jiko la nyuma lililoongezwa bila kibali.

"La kibali unalijua kwa sababu wewe ni ndugu yangu! Hakuna dalali mwingine angelijua!"

"Ndiyo."

"Hata mimi, Redio? Hata mimi unaniandikia hivi?"

"Hata wewe."

Hawakusalimiana mwezi mzima, lakini dada alikwenda manispaa akahangaikia kibali, akamleta fundi wa bati. Ule ufa ulibaki, na ukabaki kwenye karatasi.

Mnunuzi aliyekuja alikuwa fundi seremala na mkewe, pamoja na mama mkwe wake, bibi mkavu aliyegusa kila ukuta kwa fimbo. Seremala alikwenda moja kwa moja kwenye ufa, akapenyeza mkono nyuma ya kabati, akaingiza ukucha. Bibi alisimama katikati ya sebule, akamkabili Redio.

"Nyumba nzuri hivi. Kwa nini inauzwa?"

"K…" Redio alianza. Mlango ulimfungia. Shingo ikakaza.

"Ni kwa sababu watoto wameshaondoka," dada akadakia kutoka pembeni, sauti yake ikiwa imejaa upendo, "na mimi nabaki peke—"

"Dada. Toka nje."

Maneno hayo matatu yalitoka safi kabisa. Dada alifungua mdomo, akaufunga, akatoka hadi barazani, mgongo umenyooka kama wa askari.

Bibi hakuonesha mshangao. Aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo yake akangoja, na Redio akarudi kwenye neno lile lile lililomkwamisha, "kwa sababu," akalisukuma mpaka likatoka. Kisha akaeleza mengine yote: ujane, ukubwa wa nyumba, miezi minane iliyopotea, na kwamba ule ufa haujaongezeka kwa miaka tisa, yeye mwenyewe aliuwekea alama ya penseli na tarehe akiwa bado binti wa funguo, seremala aende akaitazame. Seremala alisogeza kabati. Alama ilikuwepo. Kabla ya mwisho wa wiki mkataba ulisainiwa.

Siku ile wageni walipoondoka, Redio alikwenda barazani. Dada alikuwa ameketi kwenye ngazi.

"Umenifukuza nyumbani kwangu," alisema bila kugeuka.

"Ndiyo."

"Mbele ya wageni."

"Ndiyo."

Dada alijipangusa uso kwa kiganja. "Nilikuwa dirishani, nasikiliza. Umesema yote. Hukuacha kitu."

"Nasema yote kila siku, dada. Miaka mitano sasa. Wewe hukuwepo."

Dada alianza neno, likamkwama. Kwake yeye hilo lilikuwa jambo jipya, na Redio hakummalizia. Aliketi ngazi ya chini yake, akavua viatu vilivyokuwa vinambana tangu asubuhi.

Wiki mbili baadaye dada alimpigia simu kuomba atafutiwe nyumba ndogo karibu na shule yake. Walizunguka nyumba saba. Dada bado huteleza. Wakiwa na watu, neno la mdogo wake likikwama, utamwona anaegemea mbele, midomo inaanza kuchezacheza. Redio humtupia jicho moja tu, na yule mwalimu mzima, anayenyamazisha darasa la watoto hamsini, huuma ulimi wake akatulia.

Nyumba ya saba ndiyo aliyoipenda. Ilikuwa na vyumba viwili na ua mdogo wenye jua la asubuhi. Alipoiomba karatasi, Redio alikuwa ameshaiandika. Ubaya ulikuwa mistari sita. Dada aliusoma wote kwa sauti, mstari kwa mstari, amesimama katikati ya ua, kisha akauliza kama mwenye nyumba anaweza kushusha bei kwa sababu ya ule wa nne.